Mkurugenzi Akishika Upawa

Guyo hakunipigia simu ili anipe pole. Alisema tu, "Mwalimu ametutoka. Njoo tule," kisha simu ikakatika, nami nikabaki nimesimama kwenye gereji ya malori kule Voi, spana mkononi. Mtu mwingine angeona ujumbe huo hauna adabu: mwenzako amefariki na wewe unaitwa kula. Lakini sisi tuliokaa pamoja mwaka ule katika chumba cha nyuma cha kampuni ya maziwa pale Garsen tunajua kwamba Mwalimu Salome hangeagwa kwa njia nyingine. Nilimwambia fundi mkuu naenda kuzika, nitarudi Jumatatu. Akaniuliza marehemu ni nani yangu. Nilifikiri kidogo, maana hakuwa mama yangu wala shangazi. Nikasema, "Ni mwenyekiti wangu," naye akacheka akidhani natania.

Tangu wakati ule nimekaa miji mingi. Nimeuza mitumba Isiolo, nimelinda lango la hoteli Malindi, nimepakia simiti Mombasa, na popote nilipokaa niliondoka kabla majirani hawajalizoea jina langu. Nikiulizwa nimesoma wapi husema sekondari, na ni kweli, kidato cha nne nilimaliza. Lakini elimu ninayoitumia kila siku, ile ya kumtazama mtu na kujua anafaa nini mahali alipo, niliipata katika mwaka mmoja tu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nikilipwa kugeuza Kiorma kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiorma mbele ya bodi ya wakurugenzi. Jinsi Mpokomo kama mimi nilivyokuja kukijua Kiorma ni habari ya siku nyingine. Nilikijua, na hapo Garsen watu waliacha hata kuniita kwa jina. Walisema, "Mwiteni Mkalimani."

Kampuni ilikuwa ndogo lakini ilikuwa kampuni kweli, yenye hisa na wanahisa na mkutano mkuu wa kila mwaka. Wafugaji walileta maziwa. Wakulima walileta mabua ya mpunga na nyasi za kuwalisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Maziwa yakishapozwa yalipelekwa kuuzwa Malindi. Mwalimu Salome alipenda kusema ilianzishwa ili watu waliozoea kugombana wao kwa wao wapate kitu cha kugombania wakiwa pamoja. Bodi ilikutana kwenye chumba cha nyuma, ukuta mmoja na mtambo wa kupozea maziwa. Mtambo ukiunguruma mtu alilazimika kupaza sauti. Ukizimika ghafla alijikuta anapiga kelele bure, na Kazungu ndiye aliyekuwa wa mwisho kugundua. Dirisha lilitazama uani, ambako madumu ya alumini yalipangwa juani yakauke. Chumba kilinuka dawa ya kuoshea, na chini ya dawa kulikuwa na moshi, kwa sababu akina mama wa Kiorma hufukiza vibuyu vyao vya maziwa kwa kijinga cha moto, na harufu ile ikishaingia ukutani haitoki. Hata leo nikipita mahali watu wanachoma kuni fulani, nageuka kutafuta lile dirisha.

Mwalimu Salome alikuwa Mpokomo mwenzangu, mwanamke mdogo wa umbo, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Hewani, ambaye alitafuna polepole kana kwamba anasahihisha chakula. Mzee Barisa alikuwa Muorma mwenye ng'ombe wengi, anayeelewa Kiswahili lakini asiyekiamini, kwa hiyo alisema kwa Kiorma kila alipokuwa na jambo zito. Guyo alikuwa Muorma pia, mchuuzi wa ng'ombe, mrefu, mcheshi, mdogo kuliko wote kwenye meza. Kazungu alikuwa Mgiriama mwenye duka Tarasaa. Walikuwepo wakurugenzi wengine wawili, watu wema, lakini mambo ya mwaka ule yaliwazunguka hao wanne.

Mapema mwaka ule mshauri mmoja alikuja kutoka Nairobi kutufundisha kwamba bodi nzuri hujipima yenyewe. Alitaka kila mkurugenzi awape wenzake alama kwa siri. Mwalimu alimsikiliza kwa heshima, akampa glasi ya maziwa mgando, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi ndani alisema, "Alama za siri nimezitoa maisha yangu yote. Mtoto anajua amepata ngapi, hajui amekosa nini. Sisi watu wazima tutaambiana."

"Tutapigana," Kazungu akasema.

"Ndiyo. Mtu akisemwa hujitetea, na akijitetea hasikii. Kwa hiyo tumpe kazi ya mikono."

Hivyo ndivyo desturi ilivyoanza. Zamu ya mkurugenzi kupimwa ikifika, yeye ndiye anayepakua chakula. Wenzake wanakaa, wanakula, na kumzungumza kana kwamba hayupo, mema yake na mapungufu yake, naye anazunguka na upawa akiwaongezea wali. Mwenye upawa hasemi. Watu wakishashiba anaweka upawa chini, anavuta kiti, ndipo anaambiwa kama wenzake watamwombea tena kiti kwa wanahisa au wanamshauri akirudishe. Kuku walichinjwa na Mzee Barisa mwenyewe ili kila mtu ale kwa amani, na wali ulikuwa wa huku huku kwetu, ule unaonukia kabla sufuria haijafunuliwa.

Mwalimu alianza na yeye mwenyewe. Nilimwona akizunguka na mchuzi huku Guyo akisema, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mbali, "Mwenyekiti wetu ni hodari, ila anamkatiza mtu. Unaanza sentensi yako, anaimalizia yeye. Mimi wakati mwingine hurudi nyumbani sijui kama nilikuwa na maoni au nilipewa." Upawa ulisimama hewani kidogo, ukaendelea. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kumkatiza mtu, Mwalimu alijibana kidole gumba kwa meno, na sisi sote tulijua anachokizuia. Sijaona kiongozi mwingine, katika sehemu zote nilizopita, akibadilika mbele ya watu waziwazi namna ile bila kuona aibu.

Kazungu alifuata, na siku yake tulicheka mpaka mtambo ukasahaulika. "Huyu ukimwomba maji," Guyo alisema, "anakupa kwanza historia ya kisima."

"Maziwa yakimsubiri amalize hotuba," Mwalimu akasema, "tutauza samli."

Kazungu alizunguka amevimba mashavu, akiwapakulia watu wali mwingi kuliko walivyotaka, hiyo ikiwa silaha pekee aliyobaki nayo. Ndipo Mzee Barisa akasema kwa Kiorma, nami nikatafsiri, kwamba katika maneno yote ya mtu huyu kulikuwa na moja lililookoa kampuni: ni yeye aliyeuliza kwa nini maziwa ya asubuhi yanachanganywa na ya jioni kabla hayajapoa. "Anayesema sana," Mzee alisema, "ni kama mvua ya mawe. Inaharibu paa, lakini maji ni maji." Kazungu alipoweka upawa chini na kurudishiwa ulimi wake, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Guyo, na zamu yako inakuja. Nitakuletea kambare, uonje chakula cha wanaume."

"Nyoka wa maji?" Guyo akajibu. "Mpe mama mkwe wako."

Mvua za masika zilipokwisha, Guyo alimwoa binti wa Mzee Barisa. Bodi nzima ilikwenda arusini, na Kazungu aliusifia mchele na nyama kwa hotuba ndefu ambayo nilitafsiri nusu yake tu, kwa huruma. Tulirudi kazini tukiwa na furaha. Kisha likatokea jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelielewa. Guyo alinyamaza. Yule aliyekuwa akimaliza kikao kwa kicheko akawa anaketi karibu na mlango, macho mezani, mikono katikati ya magoti. Akiulizwa jambo anasema, "Mtakavyoona." Chakula kikiletwa anakumbuka ng'ombe wake sokoni na kutoka. Ulipita mkutano mmoja hivyo, ukapita mwingine. Kazungu alisema ndoa imemnenepesha akili.

Wakati huo huo kiangazi kilianza kuuma, na Mzee Barisa akaleta pendekezo kubwa. Kampuni ilikodi shamba kando ya mto, nalo lilipakana na malka, ile njia pana ambayo ng'ombe huteremkia mtoni kunywa maji. Mzee alitaka tuizibe malka ile kwa ua, tuiunganishe na shamba, tupande nyasi za kutosha ng'ombe wote wa wanahisa. Lilikuwa wazo la mtu aliyewahi kuona mifugo yake ikifa na hataki kuona tena, na alilieleza vizuri kiasi kwamba nilipotafsiri nilijisikia ninashawishi watu kwa niaba yangu mwenyewe. Kazungu aliunga mkono. Wale wengine wawili waliunga mkono. Mwalimu akamgeukia Guyo. Guyo akasema, "Mtakavyoona." Mwalimu alijiuma kidole, akaahirisha uamuzi hadi mkutano uliofuata, ambao kwa zamu ulikuwa ndio wa kumpima Guyo. Kazungu hakuficha nia yake. Alisema kiti cha mtu aliyelala apewe mtu aliye macho, na wale wawili walitikisa vichwa kukubali.

Kabla ya kumpima mkurugenzi, Mwalimu alikuwa na tabia ya kumtembelea pale anapofanyia kazi zake. Alisema mwalimu anayemjua mtoto darasani tu hajamjua. Mimi na yeye tulikwenda kwa Guyo kwa gari la maziwa, alasiri, boma lake likiwa mbali kwenye mbuga, nyasi zimekwisha na upepo unazunguka na vumbi. Tulipewa chai ya maziwa yenye ule moshi. Guyo alikuwa ametoka kidogo, kwa hiyo tulikaa kivulini upande wa nyuma wa nyumba, na upande wa pili akina mama walikuwa wakiosha madumu na kuzungumza bila kujua tunasikia. Mwalimu alinigusa mkono nimtafsirie, nami nikawa namnong'oneza. Mmoja alikuwa akimsimulia mgeni wao jinsi walivyokataa madumu ya alumini mwanzoni, wakidhani yanayapa maziwa sumu, na jinsi Guyo alivyozunguka boma kwa boma akinywa maziwa ya dumu mbele yao.

"Alikunywa mpaka tukamwonea huruma," mwanamke akasema. "Tumbo mbele kama mjamzito."

"Na wafugaji wa kule juu, upande wa Bangale, ni nani aliyewaambia wasilete ng'ombe mapema?"

"Si huyo huyo? Alikaa nao. Aliwaambia malka ipo, itawangoja."

Guyo aliporudi alikuwa yule wa zamani. Alituchorea mto kwa fimbo kwenye vumbi. Alituonyesha malka, na shamba la kampuni, na zaidi ya shamba mipunga ya watu wa Mwalimu. "Ng'ombe mwenye kiu hajui ua," alisema. "Ukiziba hapa, wale wa juu wakishuka hawatarudi walikotoka. Watapita hapa." Akaburuta fimbo katikati ya mpunga. "Halafu vijana wa pande zote watachukua walichonacho nyumbani, na tutasahau kama kulikuwa na kampuni. Nyasi zipandwe upande ule wa pili, penye ule mkono wa mto wa zamani. Maji yapo, ni kuchimba tu."

Mwalimu aliutazama mchoro. "Guyo, mwanangu. Mbona hukusema haya kikaoni?"

Guyo alifuta mchoro kwa mguu, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. "Mwalimu, chai yako inapoa."

Njiani kurudi tuliona taa za Garsen. Ndipo Mwalimu aliposema, kama anazungumza na kioo cha gari, "Mtu anayejua na hasemi, ama anaogopa ama anamheshimu mtu. Na yule haogopi."

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali na mabati yalikuwa yakilia. Guyo alikuja na kanzu safi. Alichukua upawa bila kutazamwa usoni na mtu yeyote, akaanza kupakua, na Kazungu akaanza kabla hata hajaonja. "Nitasema wazi kwa sababu mimi nilisemwa wazi. Huyu alikuwa mtu. Tangu kiangazi kianze hajafungua mdomo ila kupiga miayo. Tunakula, anatoka. Tunaamua, anasema mtakavyoona. Mtakavyoona ni jibu la mgeni, si la mkurugenzi. Wanahisa walimpa kiti ili aseme. Mimi nasema akirudishe, na tubaki marafiki."

Wale wawili walikubali, mmoja kwa masikitiko. Mwalimu alikuwa akitazama upawa. Guyo alimpakulia yeye, akampakulia Kazungu nyama nzuri kuliko zote, akawapakulia wale wawili. Alipofika upande wa Mzee Barisa alisimama. Alijaza sahani, akaifuta ukingo kwa kitambaa, kisha akaiweka mbele yangu, ingawa mbele yangu palikuwa na sahani tayari. Sikufikiri. Niliichukua nikampa Mzee. Mzee aliipokea kutoka mkononi mwangu, akageuza kiti chake kidogo kuelekea ukutani, akaanza kula.

"Mnaona?" Kazungu akasema kwa sauti ya chini. "Hata mzee wa kwao amempa kisogo."

Mwalimu aliweka kijiko chini. "Mkalimani," akasema, "wali huo ungemfikia Mzee vipi kama wewe hungekuwepo?"

Nikasema, "Usingefika, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mkwe wake."

Nilipolisema ndipo mimi mwenyewe nilipolisikia. Nilikuwa nimeishi na Waorma vya kutosha kujua kwamba mwanamume hamkodolei macho baba wa mkewe, hali chakula naye uso kwa uso, na hata nyumba ikiungua hasimami mbele ya watu kumwambia umekosea. Lakini niliijua desturi hiyo ikiwa nyumbani na kisimani. Sikuwahi kuwaza kwamba inaweza kuvuka mlango wa ofisi na kukaa kwenye bodi. Kwa Waorma wawili wa meza ile lilikuwa wazi kama mchana, hawakuona la kueleza. Wengine tulikula arusi yao na kusahau kilichofungwa siku ile.

Mtambo ulizimika, kama kawaida yake. Kazungu alikuwa na mfupa mkononi na hakujua aupeleke wapi. Mwalimu akasema polepole, "Basi tumempima nani hapa? Tulichukua mtu mwenye maneno, tukamkalisha mbele ya mtu asiyeweza kumpinga, halafu tunamuuliza kwa nini ni bubu. Hiki kiti tulikiweka sisi. Guyo angekubali kukirudisha na kupoteza heshima yake kwa wanahisa kuliko kumvunjia mzee wake heshima mbele yetu, na angetuachia malka tuizibe." Nadhani alitaka kuendelea, kwa sababu kidole kilikwenda mdomoni.

Guyo alikuwa bado na upawa, kwa hiyo hakuweza kusema. Alimwongezea Kazungu wali.

Desturi ilimtaka kila mtu aseme kabla ya upawa kuwekwa chini, na aliyebaki ni Mzee Barisa. Tulijua kwamba naye amefungwa kwa kamba ile ile. Mkwe hasifiwi hadharani kama asivyopingwa. Mzee alimaliza kutafuna. Akasema kwa Kiorma, akitazama ukuta, nami nikatafsiri kwa uangalifu kuliko siku yoyote: "Juu ya mtu huyo sina la kusema. Ila wali ulinifikia ukiwa moto."

Hakuna aliyepiga kura baada ya hapo. Guyo aliweka upawa, akavuta kiti, na Mwalimu akamwambia bodi itamwombea kiti kwa wanahisa. Kisha akanihamisha. Akachukua kiti changu kutoka kona ya mlango akakiweka katikati, Guyo upande wangu mmoja na Mzee upande wa pili, na akasema kuanzia leo mwenye neno ambalo haliwezi kwenda lenyewe alilete kwa Mkalimani, na Mkalimani atasema "kuna neno" bila kusema limetoka wapi. Kazungu aliuliza kama hilo si mchezo wa watoto. "Ndiyo," Mwalimu akasema, "na wewe utaucheza kimya."

Guyo aliniinamia sikioni. Nikasema, "Kuna neno. Linasema ng'ombe mwenye kiu hajui ua."

Mzee Barisa aliutazama ukuta, akanijibu mimi. "Mwambie neno hilo kwamba ng'ombe mwenye njaa hajui mto."

Waliendelea hivyo alasiri nzima, hoja baada ya hoja, wakipita ndani yangu, sote tukijua na sote tukijifanya hatujui, na mimi nikitokwa na jasho kama mtu anayebeba magunia. Walipingana vikali kuliko nilivyowahi kusikia watu wakipingana, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Ndipo neno likaeleza juu ya ng'ombe wa kule juu na mpunga. Mzee akauliza kuhusu mkono wa mto wa zamani, kina chake, na udongo wake. Mwisho akasema, "Neno hilo lina miguu. Limetembea kabla ya kuja hapa. Ua usijengwe." Nyasi zilipandwa upande wa pili. Kiangazi kilikuwa kirefu na ng'ombe wa kule juu walishuka wengi, wakanywa, wakarudi kwa njia yao. Mwalimu alikwenda kusimama kwenye malka kuwatazama wakipita, mwavuli mkononi, na akanizuia nilipotaka kurudi mjini. "Tulia uone," alisema. "Mkurugenzi akifanya kazi nzuri, huonekana hivi. Hakuna kilichotokea."

Niliondoka mwaka uliofuata, kama ninavyoondoka siku zote. Lakini kila nilipoajiriwa nilijikuta nikitazama mabosi na wasimamizi na wajumbe wa kamati za kila aina, nikiuliza kimoyomoyo: huyu angepakua wali vipi? Wengi wangesema huku wameshika upawa. Wachache wangekupa nyama nzuri ukiwa unawasema. Nimemtafuta mwingine kama Mwalimu Salome, aliyeweza kusimamisha hukumu iliyokwisha kutolewa kwa kuuliza swali juu ya sahani, na sijampata. Hakuwa na hila yoyote. Aliamini tu kwamba mtu hawezi kupimwa peke yake, bila kupima pia mahali alipowekwa.

Tulimzika Hewani, tumbili wakipiga kelele msituni na kwaya ikishindana nao. Kisha wenye bodi, wa zamani na wa sasa, tukaenda Garsen kwenye chumba cha nyuma. Guyo sasa ndiye mwenyekiti, ndevu zina mvi. Kazungu amenenepa na anatumia fimbo. Mzee Barisa yu hai bado, macho yamepungua, amekaa pale pale ubavuni mwa ukuta, na kiti cha katikati yake na Guyo kilikuwa kitupu. Mtambo ni mpya na haupigi kelele. Upawa ni ule ule. Nilidhani atazungumzwa Mwalimu, na alizungumzwa kweli, mema yake na kukatiza kwake watu, upawa ukiwa umelazwa kwenye sahani yake na hakuna aliyekula mpaka tulipomaliza. Kisha Guyo akauchukua akanipa mimi.

Nilianza kupakua kabla sijaelewa.

"Huyu naye," Kazungu akasema, akichagua mfupa. "Amekuwa mtu wa misiba. Ukiwa hai hakujui, ukifa anakuja mbio."

"Alikuwa mkalimani mzuri," Guyo akasema. "Hakuongeza chumvi. Lakini alituachia kiti, na tangu hapo kila kijana tunayempata anataka kusema lake."

Nilikuwa na majibu mengi. Nilitaka kusema kwamba nilituma salamu, kwamba mtu hutafuta riziki. Nilimwongezea Kazungu wali. Ndipo Mzee Barisa akasema, kwa Kiorma, sauti nyembamba, sentensi ndefu kidogo. Mimi niliielewa yote. Kazungu hakuielewa. "Amesemaje?" akauliza, na wote wakanigeukia mimi, mkalimani wao, na mimi nilikuwa nimeshika upawa.

Kisha Guyo, macho mezani, mikono katikati ya magoti kama zamani, akasema, "Kuna neno."

Kazungu aliweka mfupa chini.

"Linasema mlango haulaumiwi kwa kutolala ndani. Lakini mlango ukiondoka, mbuzi wanaingia."

Kazungu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilimzungukia Mzee kwa wali, nikamwekea sahani mkononi, nikaona jinsi alivyoupima joto kwa kidole na kuitikia kwa kichwa. Watu walishiba. Niliweka upawa chini, nikavuta kile kiti cha katikati, na Kazungu akanisukumia sahani. "Haya," akasema. "Sasa una ulimi."

Niliyeishi kwa kubeba maneno ya watu nikatafuta langu mwenyewe. Lilikuwa dogo.

"Jumatatu sirudi Voi," nikasema. Kisha nikalirudia kwa Kiorma, kwa ajili ya Mzee.